Andika Kwanza, Ndipo Uwashe Deki

Ukitaka kuzipitia upya muvi zako za zamani, zile zilizolala kwenye mfuko wa nailoni chini ya meza ya televisheni, usianze kwa kuingiza diski kwenye deki. Anza na daftari. Andika unachokikumbuka kuhusu kila muvi kabla hujaitazama tena, hata ikiwa ni mistari mitatu, na hasa ikiwa una hakika kwamba unaikumbuka yote. Huo ndio ushauri mzima wa makala haya. Yaliyobaki ni sababu zake, namna ya kuufuata, na majibu kwa wale ambao tayari wananung'unika kwamba muvi ni ya kutazamwa, si ya kufanyiwa mtihani. Nawalenga kwanza watu wa Ekalakala na masoko mengine ya Masinga, Ukambani, ambako akiba ya muvi ya nyumba moja hukusanya enzi kadhaa kwa pamoja: kaseti ya VHS isiyo na mashine ya kuichezesha, CD za kuchomwa zilizoandikwa jina kwa kalamu, DVD zilizobanwa muvi kumi au ishirini ndani ya diski moja, na flashi iliyojazwa na kijana wa duka la muvi. Aliyehamia Thika au Nairobi na kuacha mkusanyo wake kwa mama naye yumo.

Sababu ya kwanza ni kwamba tunachokibeba kichwani si nakala ya muvi tuliyoitazama. Chukua First Blood ya 1982, muvi ya kwanza ya Rambo. Mwombe mtu aliyekulia kwenye vibanda vya video akusimulie. Atakueleza habari za mtu mwenye kitambaa kichwani, kifua wazi, bunduki ya rashasha mkononi na mishale yenye mabomu, anayemaliza jeshi zima peke yake. Sasa itazame. Utamwona askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam akitembea kwa miguu kumtafuta rafiki yake, akaambiwa kwamba rafiki amekwisha kufa kwa saratani. Mkuu wa polisi wa mji mdogo hapendi sura yake, anamkamata, na yeye anatorokea msituni. Tunayemwona waziwazi akifa katika muvi yote ni mtu mmoja, naye huanguka kutoka kwenye helikopta. Mwishoni stelingi haui mtu. Amekaa chini mbele ya kamanda wake wa zamani, analia, anaeleza jinsi mwenzake alivyolipuliwa mbele ya macho yake. Mishale ya mabomu na maiti zisizohesabika ni za muvi ya pili ya 1985 na ya tatu ya 1988. Vichwa vyetu vimezishona tatu zikawa moja, na ile yenye kelele nyingi ikaifunika ile iliyotulia. Hadithi ya askari aliyetumwa vitani na nchi yake kisha akakataliwa aliporudi nyumbani imepotea kabisa, ingawa diski yenyewe haijawahi kutoka chini ya meza.

Jambo hili limepimwa, tena kwa kutumia filamu. Mwaka 1974 watafiti Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 150 nchini Marekani filamu fupi ya ajali ya magari. Kundi moja liliulizwa kasi ya magari kwa kitenzi kikali, kama kwamba yalipondana. Kundi jingine kwa kitenzi cha kawaida cha kugongana. La tatu halikuulizwa kasi. Baada ya wiki moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika. Hata hivyo, 16 kati ya 50 walioulizwa kwa kitenzi kikali walisema waliviona, dhidi ya 7 kati ya 50 wa kundi la pili. Neno moja la mwulizaji lilitosha kuweka vioo barabarani. Mwaka 2003 Fiona Gabbert na wenzake walienda mbali zaidi. Watu wawili wawili walitazama video ya tukio moja iliyopigwa kutoka pembe mbili tofauti, kila mmoja akidhani mwenzake ameona kile kile alichoona yeye. Wakazungumza, kisha kila mmoja akaandika peke yake. Kati ya waliozungumza, asilimia 71 waliandika angalau jambo moja ambalo hawakuliona kwa macho yao bali walilisikia kwa mwenzao. Fikiria basi muvi iliyosimuliwa na kubishaniwa chini ya mwembe kwa miaka ishirini ina vioo vingapi.

Kwetu kuna jambo la ziada ambalo watafiti hao hawakuwa na haja ya kulifikiria. Watu wengi hapa hawakuitazama tu muvi. Waliisikiliza kwa kinywa cha mtu mwingine. DJ Afro, ambaye sauti yake inajulikana kila pembe ya Kenya, hatafsiri neno kwa neno. Huchanganya Kiswahili na Sheng, hutia chumvi, humshangilia stelingi, humsuta adui, na mara nyingine hukuonya kuhusu kipigo kabla hakijatua. Uganda wana VJ Jingo na wenzake kwa Kiganda, na Tanzania ilikuwa na Lufufu. Aliyeitazama Commando ya 1985 kwa njia hiyo amehifadhi kazi ya watu wawili, Arnold Schwarzenegger na mtu aliyekaa mbele ya maikrofoni, na mara nyingi kichekesho anachokikumbuka zaidi ni cha huyo wa pili. Likarion Wainaina alilielewa jambo hili vizuri alipotengeneza Supa Modo mwaka 2018. Mike, mwenye ukumbi wa video kijijini, huwasimulia watu huku picha ikienda, na msimulizi huyo ni sehemu ya muvi kama vile turubai lenyewe. Kwa hiyo unapoitupa CD ya zamani yenye sauti ya msimulizi kwa sababu umepata nakala safi ya Kiingereza, hujaiboresha akiba yako. Umeondoa kile ulichokitazama ukaweka kingine kinachofanana nacho.

Kisha kuna hali tulizotazamia. CD ya video ilibeba chini ya dakika 80 za picha, kwa hiyo muvi ya saa mbili iligawanywa katika diski mbili, na diski ya pili ndiyo iliyoazimwa isirudi, ikakwaruzwa, au ikakataa kusoma adui alipokuwa mlangoni. Wako watu wazima wenye akili timamu ambao kwa miaka wamejua mwisho wa muvi fulani, na mwisho huo waliubuni wenyewe au waliupokea kwa jirani. Umeme nao una sehemu yake. Bwawa la Masinga lilikamilika 1981, lina mitambo ya kuzalisha megawati 40, lakini vijiji vingi vya mashambani vilivyolizunguka viliendelea kwa miaka kutegemea betri ya gari na jenereta. Betri ikiisha, muvi imeisha. Kumbukumbu ya muvi iliyokatika saa moja na nusu usiku si kumbukumbu mbovu. Ni kumbukumbu sahihi ya kitu kilichotokea hapa, na hakuna kampuni ya sinema duniani iliyoihifadhi.

Ndiyo maana daftari linatangulia deki. Ukishaitazama tena, picha mpya hupanda juu ya ile ya zamani na hutaweza tena kuitenganisha; utasema, "Ndiyo, hivyo hivyo nilivyokumbuka," nawe utakuwa unajidanganya bila kujua. Namna ya kuandika haina ufundi mkubwa, lakini ina mpangilio wake. Toa diski zote uzitandaze, usome majina, halafu chagua moja tu. Andika juu ya ukurasa jina la muvi kama ulivyokuwa ukiliita wewe, maana wengi tuliziita muvi kwa jina la stelingi na si kwa jina lililo kwenye kasha. Andika tarehe ya leo. Kisha andika tukio la kwanza linalokujia, hata kama si la mwanzo wa hadithi, kwa kuwa hilo ndilo lililoshika mizizi. Baada ya hapo ndipo ujaribu mwanzo, katikati na mwisho. Mahali usipokumbuka, acha mstari mtupu. Usizibe pengo kwa kukisia, na ukikisia, weka alama ya kuuliza. Halafu mambo ya nje ya muvi: ilionyeshwa wapi, ilikuwa diski ngapi, nani alikuwa anasimulia, nani alikuwa amekaa karibu nawe, ilikatika wapi. Mwisho andika sentensi moja inayosema muvi hiyo ilihusu nini. Sentensi hiyo ndiyo itakayokushangaza zaidi baadaye.

Kama nyumbani kuna watu zaidi ya mmoja walioitazama, waandike kila mmoja peke yake kabla ya kuzungumza. Nimeshataja ile asilimia 71. Ni vigumu, kwa sababu raha ya muvi za zamani ni kuzipigia gumzo, lakini gumzo litangoja nusu saa. Wazee wasioandika wahojiwe na kijana, na hapo kuna sharti moja: maswali yasiwe na jibu ndani yake. Usimwulize susu, yaani bibi, "Yule mtu aliyemsaliti rafiki yake alikuwa na ndevu, si ndiyo?" Mwulize, "Alikuwaje?" kisha unyamaze. Wazee wengi wa Ukambani walikutana na sinema mara ya kwanza kwenye gari la maonyesho lililofunga turubai jeupe uwanjani, na mojawapo ya muvi zilizozungushwa zaidi kwa namna hiyo vijijini ni Jesus ya 1979, ambayo imeingizwa sauti katika lugha nyingi mno, Kiswahili kikiwemo. Anachokikumbuka mzee kuhusu usiku huo, yaani gari lilisimama wapi, watoto walikaa upande gani, nani alikimbia, hakimo ndani ya diski yoyote utakayonunua.

Ukimaliza kuandika, tazama. Tazama yote bila kusogeza mbele, na kama una nakala mbili, ya msimulizi na isiyo na msimulizi, anza na ile uliyoizoea. Daftari usilifungue muvi inapoendelea. Lifungue baada ya majina ya mwisho kupita, na uandike kwenye ukurasa unaoukabili ule wa kwanza. Usifute wala usisahihishe ulichoandika mwanzo. Hapo ndipo kazi inapoanza kulipa. The Gods Must Be Crazy ya Jamie Uys ni mfano mzuri kwa sababu karibu kila mtu anadhani anaijua. Watu hukumbuka chupa iliyoanguka kutoka angani na mtu aliyekwenda kuitupa mwisho wa dunia. Wachache hukumbuka kwamba sehemu kubwa ya muvi ni mwanasayansi mwenye aibu na mwalimu wa kike Mzungu, au kwamba kuna waasi wanaoteka darasa zima la watoto. Wachache zaidi waligundua utotoni kwamba sauti nzito inayosimulia inawaeleza Wasan kana kwamba ni kipindi cha wanyamapori, na kwamba muvi ilitengenezwa na Mwafrika Kusini mwaka 1980, wakati wa ubaguzi wa rangi. N!xau, aliyeigiza kama Xi, yule mtu wa chupa, alikuwa mtu wa Namibia wa zama zetu, si mtu aliyedondoka kutoka enzi za mawe. Mtoto alicheka kwa haki yake. Mtu mzima anapocheka mahali pale pale, au anapogundua kwamba hawezi tena kucheka, kurasa mbili zinazotazamana zitamwonyesha umbali aliotembea. Muvi peke yake haiwezi kumwonyesha.

Zikitofautiana kurasa hizo, usikimbilie kusema kichwa ndicho kilichokosea. Sholay, muvi ya Kihindi ya 1975, ina miisho miwili. Katika nakala iliyotolewa kwenye majumba ya sinema, adui Gabbar Singh anakamatwa na polisi wanaofika dakika ya mwisho. Katika ile aliyoipiga Ramesh Sippy kwanza, kabla wakaguzi wa filamu wa India hawajamlazimisha kuibadilisha, Thakur, hasimu wake, anamuua. Nakala zote mbili zimezunguka. Ndugu wawili wanaweza kubishana mpaka wakanuniana, na wote wawili wawe wamesema kweli. Kabla ya kumhukumu mtu, uliza aliitazama nakala gani. Kwa upande mwingine, uhakika wa moyoni si ushahidi. Kuna watu wengi, hasa Marekani, walioapa kwamba utotoni walitazama muvi ya jini aliyechezwa na mchekeshaji Sinbad, wakaeleza hata kasha lake. Muvi hiyo haijawahi kutengenezwa. Iliyopo ni Kazaam ya 1996, na jini wake ni mcheza mpira wa kikapu Shaquille O'Neal.

Pingamizi zipo, na baadhi zina uzito. Lile la kwamba kila kitu kiko mtandaoni siku hizi halinitishi. Netflix imekuwepo Kenya tangu 2016, lakini muvi huingia na kutoka humo kwa mikataba ya watu wengine, na nakala za wasimulizi wetu hazina njia ya kuingia kwa sababu nyingi zilitengenezwa bila ruhusa ya wenye muvi. Hapo tuseme wazi: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kazi za filamu, na kunakili muvi ya mtu ili kuuza ni kosa. Simshauri mtu afungue biashara. Nasema tu kwamba diski iliyoko nyumbani kwako tayari, yenye sauti ambayo haiuzwi popote, usiipeleke kwenye moto wa takataka kwa kudhani kuna mahali imehifadhiwa.

Pingamizi la kweli ni la mtu anayesema kwamba kuandika nako hubadilisha kumbukumbu. Ni kweli. Kila unapolikumbuka jambo, unalijenga upya. Frederic Bartlett alilionyesha hilo katika kitabu chake Remembering cha mwaka 1932, alipowapa wasomaji Waingereza hadithi ya kigeni na kuwataka wairudie tena na tena, wakawa wanaifupisha na kuinyoosha hadi ikafanana na hadithi za kwao. Daftari lako nalo litanyoosha. Sentensi hutaka mtendaji na mwisho, na picha iliyokuwa ukungu mtupu huenda ikalazimika kupata vyote viwili. Lakini njia iliyobaki ni ipi? Usipoandika, kumbukumbu haibaki safi. Inaendelea kubadilika kila inaposimuliwa, bila tarehe na bila kuacha alama. Ukurasa wenye tarehe unashikilia hali moja, yenye kasoro zake, na kesho unaweza kuipima. Ndiyo maana nimesisitiza mistari mitupu na alama za kuuliza. Hizo ndizo zinazopunguza uongo wa sentensi.

Mwingine atasema kurudia kutaharibu utamu. Huyu sina haki ya kumbishia sana. Ziko muvi ambazo utamu wake wote ulikuwa umri wako na watu mliotazama pamoja, na ukiziwasha leo utaona mapigano ya kubabaisha na hadithi isiyo na kichwa wala miguu. Kama unashuku kwamba muvi fulani ni ya aina hiyo, andika ukurasa wa kwanza, kisha irudishe diski kwenye kasha. Hakuna aliyekulazimisha kumaliza. Na kwa anayesema kwamba Masinga ina shida za maji na ukame zinazotangulia muvi, jibu ni fupi: daftari la kurasa 48 halimnyimi mtu mtungi wa maji.

Kuhusu diski zenyewe, joto na vumbi letu ni adui wa kweli. Zihifadhi zikiwa zimesimama ndani ya makasha, mbali na dirisha na mbali na bati. Ukisafisha, tumia kitambaa laini, pangusa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski ndio unaoshinda mashine. Usiandike kwa kalamu ngumu juu yake. CD huhifadhi data karibu sana na upande wa jina, na ncha ya kalamu inaweza kuipenya. Diski inayosoma leo ihamishie kwenye kompyuta leo. Flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia: hupotea, huazimwa, na mtu huifuta ili aweke nyimbo za harusi. Weka nakala mbili mahali pawili. Ukiona muvi inakataa kuingia kwenye flashi ilhali nafasi ipo, huenda faili imezidi gigabaiti 4 na flashi imefomatiwa kwa FAT32. Fundi ataibadilisha kuwa exFAT, lakini mwulize kwanza kama deki yako inaisoma, maana nyingi za zamani haziisomi. Na majina ya faili yaandikwe upya yote: jina la muvi, mwaka, na msimulizi kama yupo.

Zitabaki diski zisizosoma kabisa. Hizo nazo zina kazi moja kabla ya kutupwa. Soma jina lililoandikwa juu, ukikumbuka kwamba mwandishi wake huenda alikosea, na uwaulize walioko nyumbani kilichokuwamo. Waandike kila mmoja peke yake, kwa tarehe, na ukurasa unaokabili uachwe mtupu hadi siku nakala nyingine itakapopatikana.